Moyo Ukilemewa, Mwili Hunena

Sisi wa darasa la mwisho tumetakiwa kuandika juu ya jambo lenye faida kwa wote. Wengine wameandika juu ya mpira na juu ya kilimo cha tumbaku. Mimi nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu analo lakini wachache hulizungumza, nalo ni jinsi moyo unavyolemewa na mashaka hata mwili ukaanza kunena badala yake. Watu wa siku hizi huliita msongo wa mawazo. Huku kwetu Logiri twasema tu kwamba fulani ana moyo mzito.

Kila mtu ajua kwamba mwenye hofu hutetemeka na kutoka jasho. Hata Luka, aliyekuwa mganga, ndiye peke yake katika waandishi wa Injili anayetaja jasho la Bwana wetu katika bustani usiku ule wa mateso. Lakini yako mambo mengine ambayo mtu hayatazamii kabisa, na kwa kuwa hayatazamii huyapa sababu zisizo zake. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kwanza nieleze jinsi mwili unavyofanya. Juu ya kila figo mna tezi ndogo. Mtu akikutana na chui njiani, tezi hizo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini, na baadaye kidogo kingine kiitwacho kotisoli. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, mate hukauka, na damu huliacha tumbo ikaenda kwenye mikono na miguu. Profesa Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1915. Alisema kwamba mwili unajiweka tayari ama kupigana ama kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alionyesha kwa panya kwamba taabu za namna nyingi, kama baridi, jeraha na kazi ya kupita kiasi, huleta mabadiliko ya namna moja mwilini.

Basi chui akienda zake, mwili hupoa. Lakini ada ya shule si chui. Haipiti njiani ikatoweka porini, bali hulala nawe bwenini, huamka nawe, na kukaa nawe darasani. Tezi zikiendelea kumwaga siku baada ya siku, mwili huchoka kama askari aliyesimamishwa zamu bila mtu wa kumpokea. Kidonda hukawia kupona. Vipele vya midomoni, ambavyo vilikuwa vimejificha, hujitokeza. Nywele za mtu huanza kutoka baada ya miezi miwili au mitatu, wakati taabu yenyewe imekwisha kupita, naye hawezi kuunganisha hili na lile.

Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la pili nilisumbuliwa na tumbo kila Jumatatu. Siku nyingine nilikuwa mzima wa kucheza na kulima. Nilikunywa dawa ya minyoo mara mbili, nikaacha maharagwe, nikaacha hata maembe. Ndipo siku moja nilipotambua kwamba Jumatatu ndiyo siku ya kusomwa majina ya wasiomaliza kulipa ada. Tumbo langu lilikuwa limeijua kalenda kabla yangu. Muhula ule mjomba alipouza mbuzi akanilipia, Jumatatu zikawa kama siku nyingine.

Bibi yangu naye ana habari yake, kubwa kuliko yangu. Wakubwa wetu mwakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, jinsi vita vilivyoifikia West Nile mwezi wa Oktoba mwaka 1980, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Bibi alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto wa miezi minne mgongoni. Walitembea usiku kucha kuelekea mpakani. Kulipopambazuka alimweka mtoto kifuani, na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia, bibi alilia, na mama mkwe wake alisema kwamba mtu fulani amewafunga. Siku ya tatu walipokelewa katika boma moja upande wa Zaire. Mwenyeji akampa bibi uji, akamtandikia mkeka chini ya mwembe, akamwambia, “Lala, dada yangu, hapa hakuna bunduki.” Bibi alilala. Alipoamka nguo yake ilikuwa imelowa maziwa.

Zamani nilipoisikia habari hii niliidhani ni muujiza, na kwa namna moja ni muujiza kweli, maana yule mwenyeji alikuwa mtu wa rehema. Lakini elimu inaeleza njia yake. Maziwa huweza kuwamo kifuani, ila ili yatoke hapana budi ubongo utoe amri yake, na hofu kubwa huizuia amri hiyo. Mtoto yule ni baba yangu. Kwa hiyo msidhani kwamba ninaandika juu ya jambo la vitabuni tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Mwenzetu mmoja, ambaye amenipa ruhusa kueleza habari yake ila jina lake nalihifadhi, aliamka asubuhi moja katika muhula uliopita, na mkono wake wa kuume ukakataa kuandika. Haukuuma wala haukuvimba. Ulining'inia tu kama mkono wa shati. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tufanye mtihani wa majaribio. Alipelekwa zahanati akapimwa damu, na malaria haikuonekana. Daktari akampima nguvu na hisia za mikono yote miwili, akagonga viwiko kwa nyundo yake ndogo, akasema kwamba mishipa ni mizima.

Bweni likagawanyika. Wengine walisema amerogwa na jamaa waliomwonea kijicho kwa kuwa ndiye wa kwanza kwao kufika darasa hili. Wengine walisema anajifanya ili aukwepe mtihani. Hawa wa pili walipata ushahidi, maana usiku mmoja alipokuwa usingizini nzi alimtua usoni, naye akamfukuza kwa mkono ule ule wa kuume. Walioliona wakaamshana, wakacheka, na kesho yake asubuhi akaitwa mwongo mbele ya watu wote. Alinyamaza. Siku mbili hakula. Baba yake akaletewa habari, akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe ili amlipe mganga wa kienyeji, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa ada ya muhula wa mwisho.

Mwuguzi wetu aliposikia habari ya nzi hakucheka. Alisema kwamba jambo lile halionyeshi uongo. Ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe. Iko namna ya udhaifu ambayo mishipa ni mizima na misuli ni mizima, lakini amri ya ubongo hupotea njiani mtu anapojaribu kwa makusudi. Akilala, au akili ikiwa penginepo, mkono hufanya kazi. Mgonjwa hachagui hali hiyo, na yeye mwenyewe huiogopa kuliko sisi tunaomtazama. Kisha mwuguzi akamwuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza: “Mwanangu, umebeba nini?” Ndipo ikajulikana kwamba tangu sikukuu alikuwa akijua kuwa mama yake ni mgonjwa sana, na kwamba wadogo zake wanne wameambiwa wangoje yeye afaulu kwanza ndipo nao wapelekwe shule. Watu watano walikuwa wameukalia mkono ule mmoja.

Ugonjwa wa namna hii si mgeni katika Afrika Mashariki. Tarehe 30 Januari mwaka 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Usidhani kwamba kilikuwa kicheko cha furaha. Walicheka na kulia, wakahangaika, na wengine wakakimbia ovyo. Kwa wengine ilikuwa saa chache, kwa wengine siku hadi 16. Kati ya wanafunzi 159 walioshikwa walikuwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao jambo likaenea hata Nshamba, ambako watu 217 walishikwa katika miezi ya Aprili na Mei. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, na taarifa yao ilitolewa mwaka 1963. Damu ilipimwa, na chakula kikachunguzwa, wala haikuonekana sumu wala kijidudu. Hakufa hata mtu mmoja. Tena walimu wa shule ile hawakushikwa. Walioshikwa walikuwa wasichana wenyewe, walio chini ya sheria na mitihani na matumaini ya wazazi, nao hawakuwa na mahali pa kuyasema yaliyo moyoni. Hapa Uganda nako mambo ya jinsi hii yaliandikwa na madaktari karibu na wakati huo, katika sehemu za Mbale na Kigezi.

Lakini nataka kutia onyo, nisije nikawapotosha. Si kila ugonjwa ni wa moyo mzito. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilisemwa kuwa ni matokeo ya mashaka tu, hata madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria ndio chanzo cha vingi kati ya hivyo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Na sisi wa West Nile tunao ushahidi wetu karibu zaidi. Ugonjwa wa malale uliwasumbua watu wa Arua, Koboko na Moyo kwa miaka mingi, na mgonjwa wake hubadilika tabia, husinzia mchana na kukesha usiku, hata akadhaniwa ni mvivu au mwenda wazimu. Mtu kama huyo ukimwambia kwamba ni mawazo tu, umemwua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina hiyo si tena tatizo la afya ya umma hapa Uganda, na hilo lilifikiwa kwa sababu watu walipimwa. Kwa hiyo kwanza ni kipimo, kisha ni swali. Asiyepima hukosa, na asiyeuliza hukosa vile vile.

Je, dawa iko? Iko, tena nyingine imejaribiwa hapa hapa kwetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliingia katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana kwa makundi mara tano, kila mara muda wa saa mbili hivi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kutazama kitabu cha picha. Walifundishwa kukanyaga ardhi kwa utulivu na kutazama pumzi zao, kuyataja mawazo yao kwa jina badala ya kuvutwa nayo, na kufanya kila siku jambo dogo lipatanalo na kile wanachokithamini. Baada ya miezi mitatu taabu yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Hawakurudishiwa nyumba zao wala mashamba yao, na hata hivyo mzigo ulipungua uzito. Nimejifunza hapo kwamba hatuhitaji kungoja taabu iishe ndipo mwili upumzike.

Mwenzetu hakupelekwa kwa mganga. Baba yake alikuja shuleni, akaketi na mwuguzi chini ya mti, wakazungumza muda mrefu, na ng'ombe akabaki zizini. Kila jioni baada ya michezo mwenzetu hufinyanga udongo kwa mkono ule, kisha huchora mistari, kisha herufi. Mtihani wa majaribio ulimpita. Ule mkubwa wa mwisho wa mwaka ungali mbele, na sijui utamkuta vipi. Hivi sasa anaandika ukurasa mmoja na nusu kwa saa moja, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Kwenu wanafunzi wenzangu, mwenzenu mwili wake ukimgomea, mpelekeni akapimwe, kisha mwulizeni amebeba nini, na kicheko kiwekeni akiba kwa siku nyingine. Na ninyi wakubwa wetu, mlio na mishahara na mlio na mashamba, wengi wenu mna mdogo wenu katika mabweni haya. Mnapomwandikia kwamba ukoo wote unamtazama yeye, ongezeni mstari mmoja chini yake kwamba hata akianguka nyumbani ni nyumbani. Mstari huo haugharimu kitu, nao huenda ukafungua mkono wa mtu.