Hana Alikula Kabla Hajapata Mtoto

Murgwanza, Ngara

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako anakusalimu. Goti linamsumbua lakini kanisani haachi kwenda.

Ya simu ya juzi nimeyasikia yote: mashimo ya barabara na vumbi la malori ya Rwanda na Burundi hapo Lusahunga, kisima kukauka, malimbikizo ya mshahara, mwenye nyumba kupandisha kodi. Kila ulilosema ni kweli, wala sikuandikii ili unyamaze. Ila mama yako ameyasikia hayohayo, dada yako ameyasikia, hata mwalimu mwenzako aliyepita hapa alinisimulia kwa maneno yaleyale. Nikajiuliza: Mungu naye ameambiwa?

Msome tena Hana, Samweli wa Kwanza sura ya 1. Mke mwenzake Penina alimchokoza kila mwaka kwa kukosa mtoto, na mumewe Elkana akamfariji kwa maswali yasiyomsaidia kitu (wanaume hao!). Hana hakuzunguka kwa majirani. Akiwa Shilo alilia mbele za Mungu, akasema yote, mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa. Sala ile haikuwa na mapambo. Sasa angalia kilichofuata: aliondoka pale, akala chakula, sura yake ikachangamka. Mtoto bado. Penina naye yuko palepale. Kumtumaini Mungu ninakokujua mimi ndiko huko.

Waisraeli jangwani walifanya kinyume chake. Walinung'unika mahemani mwao, wakayakumbuka matango na vitunguu vya Misri, viboko wakavisahau. Nawe ukisema zamani kulikuwa nafuu, muulize mama yako. Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi walianza kumiminika kutoka Rwanda kwenye daraja la Rusumo, na katika muda wa siku moja hivi walifika kama 250,000. Kambi ya Benaco ikajaa, kuni zikaisha milimani. Wengi walirudishwa Desemba 1996, ila ujambazi ulibaki, na kwa miaka mingi mabasi ya huku yalisubiriana ili yasindikizwe na askari wenye bunduki kupita msitu wa Biharamulo. Ni njia ileile unayoilalamikia mashimo. Sisemi mashimo ni mema. Simama kwenye mkutano wa kijiji uyaseme, mwandikie diwani. Anayemtumaini Mungu hakatazwi kudai haki yake.

Ulikuwa mdogo mnyauko wa migomba ulipotufikia. Ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na ulipoingia kwetu wengine walikaa barazani wakitafuta mchawi ni nani. Baba yako alisali alfajiri, kisha akashika jembe. Mashina yaliyougua aliyang'oa yote, hata ya ile migomba aliyoachiwa na babu yako. Panga alilipitisha motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na maua dume aliyavunja kwa kijiti chenye panda kama bwana shamba alivyofundisha, maana kisu kinahamisha ugonjwa. Nusu ya shamba ilikwenda. Iliyobaki ndiyo iliyokusomesha, na sikumbuki kumsikia akiuliza kwa nini sisi.

Basi fanya hivi. Jioni, kabla hujampigia mtu yeyote simu, funga mlango umwambie Mungu yote, hata yale ya aibu. Kiswahili kisipotosha, sema kwa Kihangaza. Ukimaliza, pika ule vizuri, maana nasikia umekonda. Jumatatu nenda kwa afisa utumishi na nakala za barua zako, ufuatilie malimbikizo kwa upole lakini usiondoke bila jibu. Na mama yako ukimpigia, anza kwa kumuuliza habari za shamba na za goti la bibi. Siku nyingi hajaulizwa.

Ni mimi shangazi yako.