Kindu, Kasongo, Kabambare: njia ihesabiwe kwa siku

Wamama wenzetu, tunasikia kila mara: "Kasongo si mbali na Kindu, ndege inafika mara moja." Kwa ndege ni kweli. Toka uwanja wa ndege wa Kindu mpaka ule wa Kasongo, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 190. Ndege ndogo kama Cessna Caravan inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa, basi ni dakika 40 hivi angani.

Chini ni habari nyingine. Barabara ni karibu kilomita 240, na inaanza na maji: uwanja wa Kindu uko upande wa magharibi wa Lualaba, barabara ya Kasongo inaanzia Alunguli, ng'ambo ya mashariki. Wakati wa kiangazi pikipiki inakula siku nzima. Mvua zikinyesha, tunalala njiani, na abiria aliyelipa anashuka kusukuma.

Halafu kuna sisi wa Kabambare. Darasani tuliwapa watoto rula na ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 10. Kindu–Kasongo walipata sentimita 19, Kasongo–Kabambare 11. Wote wakajibu kwamba safari ya pili ni fupi. Mmoja tu, mtoto wa mwendesha pikipiki, akauliza kama ramani inaonyesha madaraja yaliyovunjika. Tulimpa alama zote.

Uzito wa njia hii ni wa zamani. David Livingstone aliuguza vidonda vya miguu kwa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Aliondoka mwezi wa 2 mwaka 1871, akafika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwisho wa mwezi wa 3. Wiki sita kwa miguu. Ndege ingepita hapo kwa nusu saa hivi.

Tunaandika haya kwa sababu ya mimba. Mama aliyekwisha kupasuliwa, au ambaye muuguzi amemwambia akazalie Kasongo, asingoje uchungu uanze. Ndege haiitwi kama pikipiki: ndege ndogo inangoja abiria, inapima mizigo, rubani anaangalia mawingu, na usiku hairuki. Uchungu haungoji hivyo. Mama huyo atoke nyumbani wiki tatu kabla ya siku yake, angali na nguvu za kukaa juu ya pikipiki na kupumzika kila mara anapochoka.

Waume wengine wanasema wiki tatu Kasongo ni gharama bure. Sisi tunaona ni afadhali kikundi kitoe mchele, unga na mafuta ya mawese ya wiki hizo kuliko kutafuta wanaume wanane wa kubeba kipoyi usiku, ndani ya matope. Akiba yetu inaweza kulipa pikipiki ya kwenda. Ya kurudi familia itafute, kwa kuwa hapo hakuna haraka.

Mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 njia ni kavu. Mama ambaye hesabu yake inaangukia mwezi wa 11 aseme kwenye kikundi mapema, tujue ni pikipiki ya nani itakayompeleka, na ni ndugu gani wa Kasongo atakayempa mahali pa kulala.