Bethdei Ilipotoka Uani

Nilipokuwa mdogo, Magomeni Mapipa, hapakuwa na mtu aliyeuliza bethdei itafanyika wapi. Swali lilikuwa kama sukari imepatikana. Mahali palijulikana: uani. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama nyingi za mtaa ule, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na ukitoka mlango wa nyuma unakuta ua wenye jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo na mwembe mmoja. Wapangaji walikuwa na haki ya ua ule sawa na sisi, kwa hiyo bethdei ya mtoto mmoja ilikuwa shughuli ya nyumba nzima. Mama aliwaambia tu usiku wa kuamkia siku yenyewe, "Jamani, kesho mwanangu ana shughuli yake," na asubuhi kila mtu alikuwa amekwishaanua nguo zake na kufagia mbele ya mlango wake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, lakini madukani hamkuwa na kitu. Unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakaogopa hata kuonekana na kilo kadhaa za sukari kwenye kikapu. Keki ya wakati huo ilianza kukusanywa mapema sana: kikombe cha sukari kwa huyu, unga kutoka kwa shangazi wa Ilala, mayai ya kuku wetu wenyewe. Mama aliioka kwenye sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, mkaa chini na mkaa mwingine juu ya kifuniko, na sisi tukikatazwa kukimbia karibu na jiko isije ikashuka. Soda zilipopatikana zilikuja kwa kreti, na chupa zote zilipaswa kurudi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekabidhiwa chupa, naye alisimama mlangoni kuhakikisha hakuna mtoto anayetoka uani na soda mkononi.

Bibi hakuwa na haja na keki. Kwake siku ile ilikuwa ya dua. Aliwaita watoto wa chuoni na mwalimu wao, wakakaa kwenye mikeka chini ya mwembe, wakasoma, tukaitikia amina, kisha sinia za pilau zikashushwa. Keki ilikatwa baada ya hapo, na aliyeanzisha wimbo alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mama mmoja Mkristo mwenye sauti nzuri ya kwaya. Mambo hayo mawili yalifanyika mchana mmoja, mahali pamoja, wala sikumbuki mtu kuona ajabu.

Ninachokikumbuka kuliko keki ni ule mlango wa uani. Ulikuwa wazi. Hapakuwa na kadi za mwaliko wala orodha. Mtoto aliyesikia kelele akiwa nyumba ya tatu aliingia, akanawa, akatafuta sinia yenye nafasi. Sinia iliyopangiwa watoto wanne ilikaliwa na saba, na mama alipika akijua hivyo. Hata mtoto ambaye wiki iliyopita tulipigana naye kisimani alikuja, na hakuna aliyempa maelezo ya kwa nini yupo.

Kisha ua ukaanza kupungua. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2002 ikahesabu milioni 2.49, ya 2012 milioni 4.36, na ya 2022 milioni 5.38. Mimi ongezeko hilo nililiona nyumbani kwetu kabla sijalisoma popote. Baba aliongeza vyumba viwili upande wa choo, wakaingia wapangaji. Mwembe ukakatwa ili kupata chumba cha tatu. Jirani naye akafanya vivyo hivyo, na ukuta wake ukaja kukutana na wetu. Mdogo wangu wa mwisho alipotimiza miaka mitano, mwaka 1994, ua wetu ulikuwa umebaki njia ya kupita mtu mmoja na ndoo yake. Simlaumu baba. Kodi ya vyumba vile ndiyo iliyotusomesha. Lakini bethdei ya mdogo wangu ilibidi iingie sebuleni.

Mwaka huo ndio televisheni ilipoanza huku Bara, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Nyumba iliyokuwa na runinga na deki ilijaa watu kila jioni, na siku ya bethdei tuliazima deki kwa mjomba. Watoto walikaa sakafuni wakitazama katuni, kimya, soda magotini. Wakubwa walifurahi kwa utulivu ule. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikawa nagawa bisi, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: siku mbili kabla, mama alikaa na daftari akiandika majina. Sebule ilikuwa na uwezo wa kukaa watoto kumi na tano, basi kumi na tano wakaandikwa. Wengine walichungulia dirishani. Mama aliwapitishia vipande vya keki kwenye nondo za dirisha, na uso wake siku ile haukuwa wa mtu mwenye sherehe.

Nimeliwaza sana daftari lile. Mama hakuwa amebadilika, wala mtaa haukuwa umegombana. Mahali palibadilika, na mahali ndipo panapochagua wageni. Toka siku hiyo sijawahi kuona sherehe ya mtoto ambayo haikuanza kwa kukata majina.

Nilipokuwa mzazi, jiji lilikuwa jingine. Kifungua mimba wangu alizaliwa mwaka 2003. Wakati huo wenzangu kazini walikuwa wanapeleka watoto kwenye hoteli za ufukweni, Kunduchi na Mbezi, au kwenye mabwawa ya kuteleza ya Kunduchi ambayo kila mtoto wa Dar aliyasikia hata kama hajayafikia. Mwaka 2006 Mlimani City ikafunguliwa, nasi tukazoea kwamba jumba la maduka nalo ni mahali pa kutembeza mtoto. Bethdei ikapata kadi, MC, mpambaji, mpiga video na kamati ndogo. Nimehudhuria nyingi za namna hiyo na sikumbuki iliyoanza kwa wakati. Ninachokumbuka ni mtoto wa miaka mitatu, gauni limemkaba, amelala begani kwa shangazi yake saa mbili usiku, huku MC akiita ukoo mmoja baada ya mwingine kuja kulishwa keki. Mahali pale palikuwa pazuri kwa harusi. Meza zilikuwa ndefu kuliko kimo chake, muziki ulimtisha, na bwawa la kuogelea lilikuwa hatua chache kutoka alipokaa, bila uzio.

Baadaye zikaja kumbi za kuchezea watoto, zile zenye majumba ya kurukia yanayojazwa upepo, mabwawa ya mipira ya plastiki na ngazi za sponji. Hizi nazisifia bila kusita. Mvua ikinyesha haikuhusu. Vyoo viko karibu na vimewekwa kwa kimo cha mtoto, kuna mtu wa kuangalia mlango, na mama mwenye shughuli anaweza kukaa akanywa chai. Lakini malipo ni kwa kila kichwa, na muda ni wa kununua. Mtoto asiye na soksi haingii. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi, isipokuwa keki. Kwa hiyo orodha ya mama ya watoto kumi na tano ikapungua ikawa ya wanane, na hao wanane ni wale ambao wazazi wao wana usafiri. Watoto wa dada yangu wa Mbagala wangetakiwa kupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, usiku, kwa saa mbili za kuruka. Hawakuja. Bibi wa watoto alikuja, akakosa pa kukaa isipokuwa kiti kidogo cha rangi cha mtoto wa chekechea, akaomba arudishwe nyumbani mapema.

Mwaka 2020 ikaja corona. Shule zilifungwa Machi zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, na kitinda mimba wangu alitimiza miaka sita Mei, katikati ya hayo. Tulikuwa tumehamia Tabata, nyumba yenye kibaraza na kieneo kidogo cha mbele. Nilimwekea beseni la maji, vikombe, chujio la chai na upawa, nikawaita watoto wawili wa jirani wa ukuta mmoja. Walicheza mchana kutwa. Maji yalimwagika, yakabadilishwa, yakamwagika tena; keki ilikatwa wakiwa wamelowa na hakuna aliyeuliza tunaenda wapi. Nilikaa kibarazani nikiwatazama, na tangu hapo nina msimamo kuhusu jambo hili: mtoto wa chini ya miaka saba anahitaji ardhi ya kukimbilia, kivuli, maji, choo cha karibu na watu anaowajua. Yaliyobaki ni ya wakubwa.

Mwaka huu ni zamu ya binti wa yule mdogo wangu wa mwisho. Anatimiza miaka minne Agosti. Wifi yangu anataka mahali penye ukuta mzuri wa kupigia picha, nami simbishii, kwani picha ni kumbukumbu na sisi za utotoni tunazo tatu tu. Alitaja Coco Beach. Ufukwe ni wa bure, mihogo ya kukaanga ipo, na hapana anayehesabu vichwa, kwa hiyo ni wazo la heshima. Lakini ufukwe una kalenda yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar hujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri, saa ileile ambayo watu hupenda kukata keki, na mchanga wa kuchezea unabaki mwembamba kati ya maji na miamba. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa kumi maji yametoka, mchanga upo. Asiyetazama mwezi atalaumu bahari bure. Tena Agosti ni kusi. Upepo wa mchana unapeperusha mapulizo, vikombe na mchanga, na mchanga huo unatua kwenye keki. Anayetaka ufukwe Agosti aende asubuhi, saa tatu hadi saa sita, awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama maji tu.

Mtoto mwenyewe nilimpeleka pia Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo. Kuna miti mikubwa, na watoto wanaweza kuzunguka nyumba za asili za makabila wakiingia huku na kutokea kule. Alishikana mikono na mvulana mmoja wa umri wake aliyekuwa pale na wazazi wake, wakazunguka nyumba ya msonge hadi wakachoka. Kwa kiingilio kinacholipika na mabasi yanayopita mlangoni, hata watu wa Mbagala wanafika kwa kubadili gari mara moja. Bibi anapata kivuli cha kutandikia mkeka. Mpaka sasa hapo ndipo tulipoafikiana, Jumamosi asubuhi, na kadi hatutachapisha. Zawadi za watoto tutazifunga kwa karatasi, kwa kuwa ile mifuko ya plastiki tuliyozoea kutilia pipi ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na nyumbani karatasi zipo.

Lakini nitasema wazi kwamba Makumbusho si jibu la jiji zima. Mtoto wa Buza au Gongo la Mboto anastahili mahali pa kutembea kwa miguu kutoka kwao. Sehemu kubwa ya viwanja vya wazi vya mitaani nilivyovijua vimeota fremu za maduka na maegesho. Vile vikubwa, kama Biafra ya Kinondoni na Mwembe Yanga ya Temeke, tunavijua zaidi kwa mikutano ya hadhara kuliko kwa watoto. Shule za msingi zina viwanja na miti, na Jumamosi nyingi vimekaa bure huku mageti yamefungwa kwa kufuli.

Wenyeviti wa mitaa na kamati za shule, nawaomba mfungue mageti hayo Jumamosi na Jumapili, kwa ada ndogo ya kumlipa mlinzi na kununua fagio. Kiwanja kilichobaki wazi kwenye mtaa wenu msikigawe. Na wewe mzazi, kabla hujatoa advansi popote, mpeleke mwenye bethdei mahali hapo saa ileile unayotaka sherehe ianze, mwachie mkono, umtazame anakimbilia wapi.