Meno Sitini na Moja

Gia ilirudi karakana siku ya Jumatatu, imefungwa ndani ya gunia. Dereva aliishusha, akanipa karatasi ya kutia sahihi, akaondoka bila hata kuomba maji ya kunywa. Nilipofungua gunia nikakuta meno manne yamemeguka, na yote yamemeguka pembeni, upande uleule mmoja. Ilikuwa imefanya kazi wiki tatu tu.

Niliikata kwa mikono yangu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza nilivyochagua mashine mpya, hutaka kusikia bei. Mimi kwanza nakumbuka aibu.

Karakana yetu iko Kariobangi, hapa Nairobi, kati ya wachomeleaji wa mageti na vijana wa injini. Marehemu baba aliianzisha na mashine moja ya kukereza. Baadaye akanunua mashine ya mtumba ya kukata gia, nzito kama kifaru, na siku ilipofika mtaa mzima ulitoka nje kusaidia kuisukuma kwa mabomba. Baba alipofariki aliniachia mashine hiyo, wafanyakazi wanne, na Mzee. Mzee ana jina lake, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia.

Kwa asiyejua kazi yetu: gia hukatwa kwa kisu kinachoitwa hobu. Ni kisu cha mviringo ambacho makali yake yamejipanga kama uzi wa skrubu. Hobu inazunguka, na kipande cha chuma kilichofungwa juu ya meza kinazunguka pia, kila kimoja kikimfuata mwenzake. Ukitaka gia ya meno 40, hobu yenye uzi mmoja lazima izunguke mara 40 meza inapozunguka mara moja. Si mara 39 na kitu, ni 40 kamili. Mjerumani Hermann Pfauter alipata hataza ya mashine ya aina hii mwaka 1897, inayoweza kukata meno yaliyonyooka na ya mshazari, na mashine ya baba bado inafuata mpango huohuo. Uwiano unaupanga kwa gia za kubadilisha. Unafungua mlango wa pembeni, unachagua gia kutoka kwenye sanduku, unazipachika, unafunga. Mzee ana daftari lenye jalada la buluu ambamo ameandika hesabu za kila idadi ya meno aliyowahi kukata.

Ile gia ilikuwa ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, ya kuendesha mashine ya kusaga majani. Moduli 6, meno 61. Huenda ukajiuliza kwa nini mtu achore gia ya meno 61 na si 60. Ni makusudi. Sitini na moja ni nambari tasa, haigawanyiki. Gia hiyo ilishikana na ndogo ya meno 20, na kwa kuwa 61 na 20 hazina kigawo cha pamoja, kila jino la hii hukutana na kila jino la ile kabla ya kurudia. Zinachakaa pamoja, sawasawa. Ni busara kwa mwenye kuitumia, lakini kwa fundi wa mashine ya zamani ni mtihani, maana nambari tasa inadai gia yake yenyewe ndani ya sanduku.

Sandukuni 61 haikuwepo. Mzee alikuwa ameenda kwao Siaya kwa matanga. Kiwanda kilikuwa kinapiga simu asubuhi na jioni, mvua imenyesha, majani yanakuja kwa malori. Nikachukua simu yangu, nikatafuta gia nne zenye uwiano wa karibu. Nikapata. Kosa lilikuwa sehemu moja kwa laki moja. Nikajiambia, nani ataona laki moja?

Gia iliona. Mduara wa gia hiyo pale meno yanaposhikana ni karibu milimita 1,150. Gawanya kwa laki moja, unapata kama sehemu moja kwa mia ya milimita. Ni kidogo kweli. Lakini hobu haikati jino lote kwa mzunguko mmoja. Inashuka polepole, milimita 2 kila meza inapozunguka, na gia ilikuwa na upana wa milimita 60. Meza ilizunguka mara 30, na kila mara kosa likajiongeza juu ya lile la kwanza. Hadi hobu inafika chini, jino lilikuwa limehama theluthi moja ya milimita. Nilidhani nimekata meno yaliyonyooka, kumbe yamelala kidogo. Mzigo wote ukabebwa na pembe ya jino, na pembe ikakatika.

Na si kwamba sikupima. Nilipima upana wa meno saba kwa maikromita, juu na chini, ukawa sawa kabisa. Kipimo hicho hakiwezi kuona jino lililolala, kwa sababu pande zake zote mbili zimelala pamoja.

Mzee aliporudi hakuniuliza kitu. Aliifunga gia kwenye shafti, akachukua saa ya kupimia, ile yenye mshale, akaipitisha kwenye ubavu wa jino kutoka juu hadi chini. Mshale ukaanza kutembea. Akarudia kwa jino lingine, ukatembea vilevile.

"Sitini na moja haikuwa kwa sanduku?"

"Haikuwa."

"Si ungenipigia?"

"Ulikuwa kwa matanga, Mzee."

"Maiti hakuwa ananihitaji saa hiyo."

Angeniambia nitumie difu ya mashine, inayofanya kazi ya kujumlisha mizunguko miwili kama difu ya gari, ili ijaze kile ambacho gia za sanduku zimepunguza. Alikata nyingine mwenyewe usiku huo. Tuliipeleka bure. Kiwanda kilisema asante, na oda iliyofuata ikaenda kwa wengine.

Mwezi huohuo alikuja mteja anayetengeneza mashine za kukatia nyasi za ng'ombe. Alitaka gia 200 kila mwezi, za aina tano. Kwa mashine ya baba, kutoka aina moja kwenda nyingine ni karibu nusu siku ya kufungua na kufunga. Nikapiga hesabu usiku kucha. Ilikuwa ama niikatae oda hiyo, ama ninunue mashine ya CNC, ambayo hobu na meza zinaunganishwa na kompyuta na unaandika tu idadi ya meno unayotaka. Benki ilikubali kunikopesha, ila ilitaka hati ya shamba la mama kama dhamana. Mama aliileta ndani ya bahasha ya khaki. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo mashine inakula nini?" Nikamwambia inakula stima na oda. Akasema, "Basi hakikisha hailali njaa."

Nilikuwa na kwotesheni tatu, na kila muuzaji alianza na ukubwa. Moduli 8! Moduli 12! Kipenyo hadi milimita 800! Mzee ndiye aliyenipeleka kwenye kitabu cha oda. Tuliketi jioni tatu tukiandika kila gia tuliyokata kwa miaka miwili. Nyingi zilikuwa kati ya moduli 2 na 5. Moduli 8 ilikuja mara mbili. "Utalipa mkopo miaka yote hiyo," akasema, "kwa ajili ya gia mbili?"

Kitabu kilitufunza mengine pia. Gia ndogo za mkata nyasi zina meno 10. Hobu ya kipenyo cha milimita 80, ukiizungusha mara 200 kwa dakika, itataka meza izunguke mara 20 kwa dakika ili ikate meno 10. Mashine moja kati ya zile tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, meza yake haikuweza kwenda kasi hiyo. Ingebidi tupunguze mwendo wa hobu, na faida yetu ingeyeyuka. Tukaona pia kwamba shafti zetu kadhaa zina gia iliyokaa karibu sana na bega. Hobu inahitaji nafasi ya kutokea, na hakuna CNC itakayobadilisha hilo. Kazi hizo zingebaki kwa njia nyingine, na ni afadhali tulijua kabla ya kulipa.

Chaguo la kwanza lilikuwa kufunga mota za kompyuta kwenye mashine ya baba. Lilikuwa la bei nafuu, na moyo wangu ulilitaka. Mzee akaishika meza kwa mikono miwili, akaitikisa, nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Gia inayozungusha meza ilikuwa imechakaa. Kompyuta ingeamuru vizuri, na meza isiyoweza kutii ingefanya ilivyozoea. La pili lilikuwa CNC ya mtumba kutoka Ulaya, chuma kizuri sana, lakini kompyuta yake ni ya zamani na muuzaji hakuweza kuniambia vipuri vyake vinatoka wapi. La tatu lilikuwa mashine mpya kutoka China, ya ukubwa wa kati.

Kwa zile mbili za CNC niliuliza swali lilelile: stima ikipotea katikati ya kukata, inakuwaje? Kwenye mashine ya baba hobu na meza zimeshikana kwa chuma. Zikisimama, zinasimama pamoja. Kwenye CNC kinachoziunganisha ni mawasiliano tu, na huku kwetu stima haipigi hodi ikitoka. Wa mtumba alicheka, akasema ninunue jenereta. Lakini jenereta inachukua muda kuwaka, na hobu haingoji. Wa mashine mpya aliniunganisha na fundi wao, akanionyesha kwa video: akazima swichi kubwa, mashine ikatumia nguvu ya mzunguko uliobaki kuiondoa hobu kwenye chuma huku vyote viwili vikipunguza mwendo pamoja. Nikamwomba akate meno 61 kisha apitishe saa ya kupimia kwenye ubavu wa jino. Hakuuliza kwa nini. Alifanya.

Tukanunua hiyo, pamoja na stebilaiza ya fezi tatu, na hobu mbili za ziada kwa kila moduli ili moja ikienda kunolewa kazi isilale.

Niliogopa siku ya kuiwasha, kwa sababu ya Mzee. Daftari lake la buluu lilikuwa limekuwa kitufe. Alisimama mbele ya kioo, akabonyeza 6, akabonyeza 1, akangoja, kama mtu anayesubiri kuulizwa swali la pili. Hakuna lililokuja. Mashine ikakata. Akachukua saa yake, akapima ubavu, na mshale ukatulia. Kisha akapima mzunguko wa gia yenyewe, na mshale ukatembea.

"Nani alifunga hiki chuma?"

Mimi. Sikuwa nimekiweka katikati sawasawa. Mashine ilikata meno mazuri kabisa kwenye kipande kilichokaa vibaya, maana haina njia ya kujua. Mzee akakifungua, akafuta meza kwa kitambaa, akaonyesha vijana wawili punje ya chuma iliyokuwa imebaki chini, ndogo kama mbegu ya sukuma. Tangu siku hiyo hakuna kipande kinachokatwa kabla hajakipitisha. Daftari ameanza upya, ukurasa wa kwanza, namna ya kukifunga kila kipande.

Mkopo unalipwa tarehe 5 kila mwezi, na hati ya shamba bado iko benki. Kuna miezi nimelipa tarehe 5 nikabaki na nauli tu.

Tulikata 61 nyingine siku ile, iliyofungwa vizuri. Niliipeleka Kericho mwenyewe, bila bili, iwe ya akiba. Injinia wa kiwanda aliipokea getini, akaigeuza, akaingia nayo ndani, akakaa sana. Nilijua anapima. Aliporudi hakusema lolote kuhusu oda. Alinisindikiza hadi kwenye gari, nikawasha injini, ndipo akainama dirishani.

"Na sitini na saba, mnaweza?"