Konferansi Haiishi kwa Kupiga Makofi

Kwetu Lubumbashi watu wengi hudhani ya kuwa universite ni mali ya vijana tu. Mtoto akimaliza masomo ya sekondari, na baba yake akipata feza ya kumwandikisha, basi huenda Kasapa. Sisi wengine hubaki katika mitaa yetu. Mtu wa miaka arobaini au sitini akisema, “Nami natoka kusikiliza mafundisho kule,” jirani humcheka: “Papa, unatafuta diploma ya kuzikwa nayo?”

Juu ya jambo hilo nataka kusema nanyi leo. Mimi ni mkatekista. Nilisoma miaka kadhaa katika seminari, kisha nikatoka, nikaoa, nikapewa kazi ya kufundisha wakatekumeni. Nina miaka thelathini na sita. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili: nimesimama mbele ya watu nikifundisha, tena nimekaa nyuma ya ukumbi nikisikiliza. Na neno nililolijua pande zote mbili ni moja: mwalimu akinyamaza na watu wakapiga makofi, kazi ya msikilizaji ingali haijaanza.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Universite yetu ilifunguliwa mwaka 1956, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Lovanium, kule karibu na Kinshasa, ilikuwa imetangulia mwaka 1954. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye diploma ya universite hawakufika hata 30. Mwaka 1971 universite tatu za nchi ziliunganishwa kuwa moja. Mwaka 1981 zikatengwa tena, na ya kwetu ikawa Universite ya Lubumbashi. Basi mzee akisema, “Mahali pale si petu,” tusimcheke. Alipokuwa kijana mlango ule ulikuwa mwembamba kweli.

Lakini siku hizi milango ni miwili. Mlango wa kwanza ni wa wanafunzi: huko sharti diploma, sharti feza, sharti mitihani. Mlango wa pili ni wa konferansi, maana yake mafundisho yanayotolewa mbele ya watu wote, walioandikwa na wasioandikwa. Hata siku mtu anapotetea kitabu chake cha udokta, desturi ni kufanya hivyo mbele ya watu, na anayetaka huingia na kusikiliza. Pale mlangoni hakuna anayekuuliza ulifika kalasi gani.

Mlango huo wa pili ulifunguliwa namna gani ulimwenguni? Mwaka 1867 James Stuart, mwalimu kijana wa Universite ya Cambridge, Uingereza, alianza kusafiri katika miji ya kaskazini ili kuwafundisha wanawake. Siku zile universite haikuwapokea wanawake. Tena watu waliona si adabu mwanamume kijana kuwauliza mabinti maswali kwa mdomo. Basi Stuart akawapa maswali katika karatasi, wakajibu kwa kuandika, naye akasahihisha. Mwaka 1873 universite yake ikalikubali jambo hilo kuwa kazi yake yenyewe.

Stuart alifundisha pia katika mji wa Rochdale, kwa watu wa chama cha ushirika kilichoanzishwa na mafundi wa nguo mwaka 1844. Jioni moja alikuwa na haraka ya kuondoka. Akamwomba mlinzi wa ukumbi aiache michoro yake ukutani mpaka juma lijalo. Aliporudi, mlinzi akamwambia kwamba amefanya jambo jema sana, kwa sababu watu walikutana mbele ya michoro ile, wakabishana, na sasa wana maswali mengi. Wanataka kuja kabla ya saa ya mafundisho ili wamwulize. Tangu hapo Stuart alitenga saa ya kuzungumza na wasikilizaji wake. Tazama, ndugu: walifaidiwa pia na siku zile ambazo mwalimu hakuwapo.

Mfano wa pili ni wa mapadri, na kwa Wakatoliki ni vizuri kuujua. Upande wa mashariki wa Kanada kuna mji mdogo uitwao Antigonish, wenye Universite ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Watu wa jimbo lile walikuwa wavuvi, wakulima na wachimba makaa, na umaskini uliwabana. Padri Jimmy Tompkins aliona ubaya kwamba universite iko kati ya maskini nayo haiwagusi. Mwaka 1921 alitoa kitabu kidogo cha kuomba elimu ipelekwe kwa watu, na mwaka ule ule ilifunguliwa pale shule ya watu wazima, bila mtihani wa kuingilia. Mwaka 1928 universite ikaunda idara ya kupeleka elimu nje, nayo ikawekwa mikononi mwa Padri Moses Coady.

Kazi yao ilikwenda hivi. Kwanza mkutano mkubwa: padri alikuja kijijini, akasema na watu wote, akawachoma moyo. Lakini hakuishia hapo. Kabla ya kuondoka aliwataka wajigawe katika vikundi vidogo vya majirani. Kikundi kilikutana jikoni kwa mtu mmoja, kila juma, kikasoma vitabu vidogo kutoka universite na kuulizana: Kwa nini samaki wetu wananunuliwa kwa bei ndogo? Feza inabaki kwa nani? Tufanye nini? Katika vikundi vile vya jikoni vikatoka vyama vya kuuza samaki, maduka ya ushirika na vyama vya kuweka na kukopa feza. Padri Coady alikufa mwaka 1959, na mwaka huo huo universite ikafungua taasisi yenye jina lake, ambayo imewapokea Waafrika wengi tangu wakati huo.

Kumbe mfano wa Rochdale na wa Antigonish ni mmoja. Konferansi ni mbegu. Mbegu ikibaki mkononi haioti. Udongo wake ni mazungumzo ya watu wachache wanaojuana.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Katika parokia yetu kuna akina mama wanaolima bustani kando ya mto. Wanapanda lengalenga, matembele na vitunguu, wanauza sokoni, na kwa feza hiyo watoto wanasoma. Niliposikia kwamba mwalimu wa mambo ya kilimo atatoa konferansi juu ya udongo wa mji, niliwaambia. Mmoja akanijibu: “Mwalimu, mimi nimelima miaka kumi na mmoja. Huyo atanifundisha kushika jembe?” Wengine walicheka, lakini watu tisa walikubali: mama saba, mimi, na papa mmoja mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika reli.

Mafundisho yalikuwa kwa Kifaransa, na mama zangu walishika nusu tu. Mwalimu alieleza hivi. Tangu mwaka 1911 shaba imeyeyushwa katika mji huu, na moshi na vumbi vimeshuka chini miaka kwa miaka. Katika udongo wa mahali pengine mna shaba, zinki, risasi na kadimiamu kupita kiasi. Madini hayo hayaozi kama majani, hubaki. Mboga za majani huyashika kuliko punje za mahindi. Vumbi lililo juu ya jani hutoka kwa kuosha, lakini kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa maji. Tena watoto wanaocheza chini hulila vumbi kwa mikono yao.

Watu walipiga makofi, tukatoka. Jumapili, baada ya Misa, tulikaa chini ya mwembe, nami nikayasema yote kwa Kiswahili, polepole. Hapo ndipo maswali yalipofumuka. Chokaa inasaidia? Samadi je? Maji ya mto nayo? Shamba lililo safi tutalijua kwa alama gani? Tuliyaandika maswali kumi na mawili katika kaye, nami nikampelekea yule mwalimu. Alifurahi. Akatuonyesha namna ya kuchukua udongo: uchimbe mahali pengi katika bustani moja, kina cha shubiri moja, uchanganye, uanike kivulini, utie katika mfuko, uandike jina.

Papa wa reli naye akasema neno lake. Aliwaeleza kwamba upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, na zamani moshi ulilala upande fulani wa mji. Huko, alipokuwa kijana, hata majani hayakuota. Mwalimu alitoa kalamu, akayaandika maneno ya mzee. Siku ile niliona kwamba elimu ina njia mbili: yeye aliyepima udongo kwa mashine, na yeye aliyeuona kwa macho miaka hamsini, kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Majibu yalikuja baada ya majuma mengi. Katika bustani tano, tatu zilionekana nzuri. Mbili zilikuwa na madini mengi, na moja kati ya hizo ilikuwa ya yule mama wa miaka kumi na mmoja. Alinyamaza sana. Kisha akasema: “Mwalimu, mlinipeleka kutafuta njaa yangu. Kama nisingalijua, leo ningaliuza.”

Ndugu wasomaji, neno hilo si jepesi. Wako wanaosema elimu ni nuru, wakafikiri kwamba nuru hufurahisha siku zote. Pengine nuru inakuonyesha nyoka chini ya kitanda chako. Ningalimjibu nini peke yangu? Lakini hakuwa ameambiwa habari ile peke yake barabarani. Aliambiwa katikati ya kikundi, na mama mmoja, asiyempenda hata kidogo kabla ya hapo, ndiye aliyesema kwanza: “Njoo, nikukatie matuta manne katika bustani yangu.” Wawili wengine wakafuata. Katika bustani yake ya zamani alitia chokaa na samadi, kama alivyoshauriwa, akaacha lengalenga, akapanda mahindi. Mwalimu hakumwambia kwamba hatari imekwisha. Alimwambia kwamba imepungua, na kwamba udongo upimwe tena. Mapato yake ni madogo kuliko zamani. Lakini mboga anazowauzia watu sasa, anawapa na watoto wake bila hofu.

Wengine watasema: “Ninyi mlikuwa na bahati. Konferansi nyingi ni maneno makubwa ya Kifaransa, sisi tunasinzia.” Ni kweli, lugha ni ukuta. Lakini katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Si aibu kumwomba mwalimu, kwa heshima, robo saa ya mwisho aseme Kiswahili. Tulipoomba hivyo mara ya pili, alikubali, akatuambia yeye mwenyewe hakuwa amefikiri bado mambo yake kwa lugha ya mama yake. Alitafuta maneno, nasi tukamsaidia.

Wengine watasema: “Feza ya bisi je?” Neno hilo nalo ni la kweli. Ndiyo sababu si lazima waende wote. Waende wawili au watatu, waliochangiwa nauli na wenzao, na wajue kwamba wana deni la kurudi na habari. Mtu aliyetumwa husikiliza vingine kuliko mtu aliyekwenda kujionyesha.

Basi, anayetaka kujaribu katika shirika lake, nampa mashauri matatu.

Kwanza, msianze na konferansi. Anzeni na swali lenu. Mnasumbuliwa na nini? Udongo, maji, homa ya watoto, hati ya kiwanja, feza inayopotea katika likelemba? Mkiwa na swali, mtajua mafundisho yapi yanawafaa, na yapi mwaweza kuyaacha.

Pili, chagueni mwenye kuandika. Kaye moja na kalamu vinatosha. Kuuliza si ujinga, lakini swali lisiloandikwa hupotea njiani kabla ya kufika Kasapa.

Tatu, wekeni siku ya kukutana kabla hamjaondoka nyumbani. Mkisema, “Tutaongea siku moja,” siku hiyo haiji. Semeni: Jumapili hii, chini ya mti huu, saa fulani. Na siku hiyo kila mtu aseme neno moja alilolishika na neno moja ambalo hakulishika.

Mwezi ujao kikundi chetu kitatuma watu watatu kusikiliza konferansi juu ya maji ya visima. Maswali saba yamekwisha kuandikwa. La kwanza limetoka kwa yule mama wa mahindi.