Mkono wa Mchoraji

Nilizaliwa Lamu, katika nyumba ya mawe ambayo zidaka zake zilijaa sahani na bakuli za kaure ya Kichina, alizozirithi bibi yangu kwa mama yake, wala hakuna mtoto aliyethubutu kuzigusa. Kwa hiyo, nilipofika Uingereza nikiwa kijana wa miaka 22, na riziki yangu ikaangukia katika ghala ya nyumba moja ya mnada, ambako kazi yangu ilikuwa kuosha, kufunga na hatimaye kuandikia orodha vyombo vilivyoachwa na marehemu, sikujiona mgeni mbele ya kaure. Nilidumu katika kazi hiyo miaka 38, na kila nilipojaaliwa akiba ndogo nilinunua kikombe kimoja cha chai, cha kale, cha kaure ya Kiingereza, kilichopakwa rangi kwa mkono.

Kaure hiyo ya Kiingereza ina asili ya ajabu. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Stoke-on-Trent, Josiah Spode na mwanawe waliikamilisha kwa kuchanganya udongo mweupe na jiwe la Cornwall, kisha kutia majivu ya mifupa ya ng'ombe kiasi cha nusu ya mchanganyiko wote. Ndiyo maana kikombe chake ni chembamba na bado ni imara, na ukikiinua mbele ya dirisha utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Lakini wembamba si dalili ya kazi ya mkono, na somo hilo lilinigharimu heshima. Katika mwaka wangu wa tatu niliandika kwamba kikombe fulani cha maua kilichorwa chote kwa brashi, na bibi mmoja mzee, kwa kuitegemea kalamu yangu, akakinunua kwa bei kubwa. Wiki ya pili alirudi nacho, akakiweka mezani pamoja na kisahani chake, akanipa lenzi bila ya kunikemea. Waridi la kikombe na waridi la kisahani lilikuwa moja, jani kwa jani na mwiba kwa mwiba, kwa sababu mistari yake ilipigwa chapa kutoka katika bamba la shaba, na mkono wa mtu ulikuja baadaye kujaza rangi tu. Fedha zake zilirudishwa. Nami tangu siku ile nikafahamu kwamba brashi haipiti mahali pamoja mara mbili kwa namna moja. William Billingsley, mchoraji mashuhuri wa Derby, alilipaka waridi rangi nzito kwanza, kisha akaifuta kwa brashi kavu pale nuru inapoangukia, na mfuto huo hauna chapa iwezayo kuuiga.

Sasa, katika ustaafu wangu, kikombe nikipendacho kuliko vyote ni cha kiwanda cha Royal Worcester, chenye nukta 21 kuizunguka alama ya kiwanda iliyo chini yake, nazo zahesabiwa moja kwa kila mwaka tangu 1892, maana yake kilitengenezwa mwaka 1912. Ubavuni mwake mna mapichi mawili. Mchoraji alipaka, kikachomwa tanurini, akapaka tena, kikachomwa tena, mpaka shavu la pichi likapata wekundu unaoyeyuka polepole katika manjano. Na dhahabu ya ukingoni, iliyotoka motoni imefifia, ilisuguliwa kwa jiwe la akiki hata ikang'aa.

Msomaji wangu, ukibahatika kupata kikombe cha namna hii, kitumie, kwani kilifanywa kwa ajili ya chai. Kioshe mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, usikitie magadi, wala usikipange juu ya kingine. Dhahabu hukwaruzika, na aliyeipaka hayupo tena wa kuirudishia.