Jeep ya Zamani katika Milima ya Ngomo

Msafiri atokaye Uvira kwenda Bukavu hupita kwanza uwanda wa Ruzizi, nchi ya joto, ya mpunga na muhogo. Hapo kila motokari yajiona hodari. Lakini Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, na Ziwa Kivu mita 1,460. Na sehemu kubwa ya kimo hicho yamngoja msafiri mbele ya Kamanyola, katika milima ya Ngomo. Huko njia yapanda ikijipinda, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo refu la Ruzizi.

Mwezi wa Julai 2019 tulifuata njia hiyo katika jeep ya Willys iliyotengenezwa mwaka 1944. Viwanda vya Willys na Ford huko Marekani vilitoa jeep za namna hiyo zaidi ya 600,000 wakati wa vita, na mapadre wa jeshi walisoma Misa juu ya boneti zake, pasipo altare nyingine. Mwenye jeep yetu, fundi wa mvi, huitunza kama ng'ombe wa mahari. Huko Luvungi tulimpakia mama mmoja aliyepewa barua ya kumpeleka mtoto wake hospitalini Bukavu.

Karibu na Kamanyola mota ikaanza kunguruma bila mwendo kuongezeka, na harufu ya kuungua ikatujia. Fundi akasimama.

«Mama, shuka kidogo na mtoto.»

«Baba, mtoto ana moto sana.»

«Najua, mama. Lakini afadhali nusu saa hapa chini kuliko usiku kucha kule juu.»

Akafunga breki ya mkono, akatia vitesi ya tatu, akaachia pedali polepole. Ambreyaji nzima ingalizima mota papo hapo. Hii iliteleza, na mota ikaendelea. Jaribio hilo lisirudiwe mara nyingi, maana laiunguza sahani.

Ambreyaji, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita klachi, katika jeep hiyo ni sahani moja kavu, yenye upana wa sentimeta 20 hivi, ibanwayo kwa springi juu ya gurudumu zito la mota. Ukikanyaga pedali, sahani yaachiliwa. Ukiondoa mguu, yabanwa tena. Kadiri sahani inavyolika, vidole vinavyoiachilia husogea nyuma, hata vikaigusa beringi yake daima, na pedali ikakosa nafasi ya kucheza. Hapo ni kana kwamba mguu wa dereva u juu ya pedali mchana kutwa.

Wengi hukimbilia kununua sahani mpya. Twaona ni kutupa fedha, kama hawajapima kwanza kwa mkono. Fundi aliibonyeza pedali kwa kiganja: haikucheza hata kidogo, nayo yapaswa kucheza karibu sentimeta 2. Kisha akaingia chini, akachungulia tundu dogo la kutolea mafuta chini ya ganda la ambreyaji. Kama mafuta yangalidondoka, sahani ingekuwa imelowa, na kurekebisha kebo kusingefaa kitu. Palikuwa pakavu. Akairegeza kebo kwa spana, akapima, akairegeza tena. Alijihadhari isizidi: pedali ikicheza mno, sahani haiachiliwi yote, na vitesi hulia kwa kusagana.

Mama alikuwa kimya chini ya mwembe, akimpepea mtoto kwa kanga.

Tulipanda Ngomo kwa vitesi vya nguvu, magurudumu yote 4 yakivuta, kwa mwendo wa mtu akimbiaye. Hivyo mzigo wa ambreyaji hupungua karibu nusu. Fundi aliweka mguu wa kushoto sakafuni muda wote, akiugusisha pedali pale tu alipobadili vitesi. Harufu haikurudi.

Nyangezi hatukusimama. Jua lilikuwa bado juu ya milima tulipofika hospitalini, na sista akampokea mtoto mlangoni. Tulipogeuka tulimwona fundi ameinama ndani ya jeep, akiipima tena pedali kwa kiganja.